Super PAC za Marekani na uongo wa "video imetrendi yenyewe": nani kailipia?

Wakuu,

Nimechoka kusoma humu "hii klipu imetrendi yenyewe, wananchi wameikubali". Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, magrupu ya WhatsApp ya Dar, ya Nairobi na ya ndugu zetu walioko Minnesota na Texas yanajaa video fupi za kumchafua huyu na kumpamba yule, na watu wanazigawa kama mana iliyoshuka mbinguni. Nyingi zina mwenyewe. Nyuma yake kuna kamati yenye mhasibu, kampuni ya matangazo, na wanasheria wanaoijua vizuri kanuni isiyowabana. Kutumia hela hakujaniudhi. Kinachoniudhi ni mwanya walioachiwa: ukilipia video irushwe kwenye ukurasa wa mwingine, ni tangazo la siasa. Ukiiweka bure kwenye ukurasa wako, si tangazo, hata kama kuitengeneza kumekula laki kadhaa za dola.

Kwa wasioufahamu mfumo: PAC ni kamati ya kuchangisha na kutumia hela za siasa, na ya kawaida haipokei zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja. Mwaka 2010 hukumu mbili zikafungua geti. Januari, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Citizens United (ambayo, msisahau, ilitokana na filamu ya kumponda Hillary Clinton). Machi, mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kesi ya SpeechNow. Hapo ndipo Super PAC ikazaliwa: inapokea kiasi chochote, ila isimpe mgombea hata senti, na isipange naye mikakati.

Sasa angalieni hilo "isipange naye" linavyopimwa. Tume yao ya uchaguzi, FEC, ina vipimo vitatu: nani kalipa, ujumbe ni wa aina gani, na pande mbili ziliwasiliana vipi. Lazima vyote vitatu vitimie. Kwenye kipimo cha pili, kwa kawaida ujumbe lazima uwe "mawasiliano kwa umma", na kanuni ya 2006 iliutoa mtandao kwenye tafsiri hiyo, isipokuwa tangazo lililolipiwa kuwekwa kwenye tovuti ya mtu mwingine. Desemba 2022 wakaifanyia ukarabati, ikaanza kutumika Machi 1, 2023, wakaongeza programu za simu na majukwaa ya matangazo. Sharti la kulipia likabaki palepale. Kwa hiyo video ya bure YouTube inaanguka kipimo cha pili, na hata kama mgombea na Super PAC walikaa meza moja kuipanga, wanasheria wao watakwambia hakuna kosa.

Msidhani natunga. Mwaka 2016 Super PAC ya Correct the Record ilitangaza hadharani kwamba inashirikiana na kampeni ya Clinton, kwa hoja hiyohiyo kwamba kazi yake inawekwa mtandaoni bure. Mamilioni ya dola yalitumika. Wajumbe wa FEC wakagawanyika, lalamiko likatupwa. Ilichukua hadi 2024 ndipo mahakama ya rufaa ikasema FEC ilikosea, kwamba kuchapisha bure hakusafishi kila gharama iliyotangulia. Miaka minane! Uchaguzi wenyewe ulishakwisha, na mwingine juu yake.

Hata wale wanaoogopa kukaa meza moja wana njia yao. Machi 2014 kampeni ya seneta Mitch McConnell iliweka YouTube video ya dakika mbili na ushee isiyo na neno hata moja: mzee anatabasamu, anasaini karatasi, muziki nyuma. Watu walicheka. Ile haikuwa ya mpiga kura. Ilikuwa malighafi, picha safi za bure kwa kundi la nje likate na kupachika kwenye matangazo yake. Siku hizi kuna na kisanduku chekundu kwenye tovuti za wagombea, chenye maelekezo ya mafumbo kwa kundi la nje. Kikiandikwa "wapiga kura wanahitaji kuona", maana yake nunua televisheni. "Kusikia" ni redio. "Wakiwa njiani" ni matangazo ya simu. Pembeni wanataja umri na eneo la mpiga kura, waziwazi kabisa, halafu tunaambiwa hawajawasiliana.

Namna ya "kutrendisha" nayo ina kanuni zake. Mei 2020 Lincoln Project, Super PAC ya Warepublican wanaompinga Trump, walinunua muda Fox News jijini Washington, wakimlenga mtazamaji mmoja, Trump. Akaiona, akawashambulia Twitter usiku wa manane, vyombo vya habari vyote vikairusha video bure, na michango ikamiminika. Hapo ndipo pa kuelewa: idadi ya watazamaji mara nyingi haiendi kutafuta kura, inaenda kutafuta wachangiaji. Associated Press waliripoti Februari 2021 kwamba kati ya takriban dola milioni 90 zilizokusanywa na kundi hilo, zaidi ya milioni 50 zilikwenda kwa kampuni zinazomilikiwa na viongozi wake. Ukimtumia shangazi yako klipu ya namna hiyo, unafanya kazi ya kuchangisha bila malipo.

Na wakilipia, wanalipia kwa kulenga. Mwaka 2024 Future Coalition PAC walirusha matangazo ya aina mbili juu ya Kamala Harris, mgombea urais. Maeneo ya Waarabu na Waislamu Michigan yakaambiwa yuko upande wa Israeli, maeneo ya Wayahudi Pennsylvania yakaambiwa yuko upande wa Wapalestina. Mlipaji mmoja, wiki zilezile. Televisheni isingewaruhusu kirahisi, maana jirani angeona vyote viwili. Simu haina jirani.

Mnaosema "si wanataja wachangiaji?" Ndiyo, wanataja, ila wengine watu wakishapiga kura. Super PAC ikitumia dola 1,000 au zaidi ndani ya siku 20 za mwisho inatoa taarifa ndani ya saa 24, lakini taarifa hiyo inaonyesha matumizi, haionyeshi hela imetoka wapi. Uchaguzi wa Novemba 5, 2024, ripoti ya mwisho kabla ya kura ilifunga hesabu Oktoba 16. Iliyofuata ilitoka Desemba 5. RBG PAC iliandikishwa Oktoba, ikamwaga matangazo ya takriban dola milioni 20 ikilitumia jina la marehemu jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyejulikana kwa kutetea haki ya utoaji mimba, kumtetea Trump kwenye suala la utoaji mimba, na Desemba 5 ndipo dunia ikajua mlipaji ni Elon Musk. Ucheleweshaji huo ni halali kabisa kwa sheria yao.

Chawa nao wapo, msidhani ni wa kwetu tu. TikTok haipokei matangazo ya siasa tangu 2019, kwa hiyo hela inapita kwa wenye wafuasi wengi. FEC haimlazimishi chawa kusema kalipwa. Kwenye ripoti utaona malipo kwa wakala, sababu imeandikwa "ushauri wa kidijitali", na jina la mtu uliyemtazama halipo popote.

Anayetaka kuchunguza aanze na jina la mlipaji. Kanuni inataka lionekane kwenye video iliyolipiwa kwa angalau sekunde 4, na kwa kawaida liko chini au mwishoni. Tatizo ni kwamba video ya kulala ikikatwa iwe ya kusimama kwa ajili ya status, jina linakatwa nalo, kwa hiyo tafuteni nakala ya awali. Ukilipata, ingia fec.gov, fungua Fomu 1 uone tarehe ya kuandikishwa na mweka hazina. Jedwali E lina matumizi, Jedwali A lina wachangiaji. Ukikuta mchangiaji ni shirika lisilolazimika kutaja wafadhili wake, njia imeishia hapo. Maktaba ya matangazo ya Meta (wenye Facebook) inahifadhi matangazo ya siasa miaka 7, lakini zilizolipiwa tu. Za bure tulikuwa tunazifuatilia kwa CrowdTangle, chombo cha kuona machapisho yanavyosambaa, na Meta waliifunga Agosti 2024, katikati ya kampeni. Hilo sitawasamehe.

Mlalamikie nani basi? FEC ina viti 6, chama kimoja kisizidi vitatu, na uamuzi unataka kura 4. Septemba 2024 walikataa kutunga kanuni mpya za video na sauti za akili bandia, ilhali Julai 2023 Super PAC iliyomuunga mkono Ron DeSantis, mpinzani wa Trump ndani ya chama, ilikwishatoa tangazo lenye sauti bandia ya Trump. Mwaka 2025 tume ikakosa akidi kabisa, ikawa haiwezi kufungua uchunguzi wala kutoza faini.

Na msiniambie hayatuhusu. Mwaka 2016 kampuni ya Harris Media ya Austin, Texas, iliwafanyia kazi kundi la Secure America Now, waliorusha video za kutisha wapiga kura kuhusu Waislamu. Mwaka 2017 video za kumtisha Mkenya kuhusu Raila Odinga zilijaa Google, na Privacy International, shirika la kutetea faragha, wakaripoti kwamba mikono ilikuwa ya kampuni hiyohiyo.

Mods, naomba sharti: anayeleta klipu ya uchaguzi aweke na jina la mlipaji, akishindwa aandike "mlipaji hajulikani" kwenye kichwa cha uzi.

NYONGEZA: mnauliza kuhusu vitufe vya kuchangia chini ya video hizo. Asiye raia wa Marekani na asiye na green card haruhusiwi kuchangia PAC wala Super PAC, hata dola moja, na kumpa ndugu aliyeko kule achangie kwa jina lake ni kosa lingine. Mwenye green card anaruhusiwa. Kabla hajabonyeza, ashuke hadi chini ya fomu aangalie kisanduku cha makato ya kila mwezi. Vingine vinakuja vimeshawekewa tiki.