Tupeane uzoefu: mliwasomeaje watoto vitabu vya picha wakati wanasubiri mdogo wao?

Mama Kifungua, Kisasa
Habari zenu wapendwa. Binti yangu anakaribia miaka mitatu na mimi tumbo limeshakuwa kubwa, muda wowote Mungu akipenda. Kujua anajua, shida ni majirani, kila akitoka nje "haya ufalme umeisha", "ziwa lako linachukuliwa hilo", wao wanaona utani, mtoto anarudi ndani ananiganda. Nikaanza kumsomea vitabu vya picha vya habari za kichanga, kanipa dada mmoja kazini Mtumba, watoto wake wameshakua. Sasa vitabu vyenyewe vya Ulaya, kichanga kina chumba chake na kitanda chake, baba anasukuma kigari kwenye theluji. Binti kaelewa vizuri sanaaa, juzi ananiuliza kitanda cha mtoto kinaletwa lini na bibi atalala wapi, maana kwenye kitabu bibi hayupo kabisa 😂 Sisi hapa kichanga kinalala na mama ndani ya neti, basi. Mliopitia hii mlifanyaje, mnaruka kurasa au?

Baba wa Ipagala
Mi niliachana na vya kununua nikatengeneza changu. Wife alienda kujifungulia kwao Mpwapwa kwa mama yake, nikabaki na dogo. Kabla hajaondoka tukapiga picha kwa simu, mama na tumbo lake, begi lenye khanga na beseni, basi pale stendi ya Nane Nane, mlango wa bibi, mbuzi wa bibi, ya mwisho mama anaingia getini kwetu (hiyo tuliigiza tu). Steshenari moja karibu na soko la Majengo wakanitolea za rangi, nikapiga stepla nikazungushia selotepu, kitabu hicho. Sasa usiku tukisoma tumbo anapita, mtoto anapita, akifika kwenye basi anagoma kufungua. Mama amekaa siti gani? Ya dirishani? Konda alimpa maji? Ndo nikaelewa mwenzangu hana wivu na mtoto wala nini, anachoogopa ni mama kuondoka. Mimi na siku zangu 3 za likizo ya baba nilikuwa najiandaa na wivu ambao haupo 😅 Kuanzia hapo nikawa nasoma basi kwa kirefu, kwenda na kurudi, hasa kurudi.

Bi Mkubwa, Kondoa
Wanangu sisi tulilea bila hivyo vitabu na watoto walipendana. Jioni paukwa, pakawa, mkubwa ubavuni mdogo mgongoni. Ila hilo la majirani nakubaliana na wewe mama, wakemee, utani gani wa kumwambia mtoto ananyang'anywa mama yake.

Nesi wa Kongwa
Bi Mkubwa shikamoo. Mimi naongezea kitu kimoja ambacho vitabu vingi vinadanganya. Kichanga kwenye picha kimekaa, kinacheka, kinashika mpira. Mtoto anasubiri mwenzake wa kucheza naye halafu analetewa mtu analala kama masaa 16 kwa siku, akiamka analia na kunyonya, lazima aone ametapeliwa. Kwahiyo ukifika kwenye picha hiyo sema "huyu ameshakua, wetu akija atakuwa analala tu". Na msiwaambie mtoto ananunuliwa hospitali jamani, mmoja wodini alimwambia mama yake amrudishe wabadilishiwe!! Pia kichanga anaona vizuri kitu kikiwa karibu, kama sentimita 20 mpaka 30 hivi, kwahiyo mkubwa anaweza kumshikia kitabu karibu na uso "akamsomea", picha za weusi na weupe uliokolea ndo zinamvutia zaidi. Na tumboni kwenyewe kuanzia kama miezi sita anasikia sauti, mwache dada mtu asome hapo hapo kwenye tumbo.

Dada wa Nkuhungu
Wangu wa kiume, miaka minne, alichukua peni akachorachora uso wa kichanga ukurasa hadi ukurasa, mama hajaguswa, baba hajaguswa, ni kichanga tu kila mahali ana kichwa cheusi. Mama mkwe akataka kumchapa. Nikamuuliza tu huyu kafanyaje, akasema "anapiga kelele". Basi tukaendelea kusoma na kichwa chake cheusi hivyo hivyo, kila ukurasa ananiambia hapa anapiga kelele, hapa amenyamaza. Mdogo wake alipozaliwa akarudia kukojoa kitandani, akataka na ziwa pia, nilimwachia aonje akasema siyo tamu akaacha mwenyewe. Kilichonisaidia ni kusoma wakati nanyonyesha, maana ndo muda anaosumbua. Mkono mmoja una mtoto, yeye ubavuni ndo mfunua kurasa, bila yeye hadithi haiendi. Kwakweli tulisoma zaidi baada ya kuzaliwa kuliko kabla.

Kama hela ya vitabu hamna, kuna African Storybook kwenye intaneti, bure kabisa na vya Kiswahili vipo, nyumba na nguo zinafanana na za kwetu. Unaweza kupakua ukasomea kwenye simu, na wanaruhusu kubadilisha maneno au kutunga chako. Mimi nilikuwa napakua kazini kwenye waifai 🙈

Mama Kifungua, Kisasa
Asanteni jamani, ya basi imenigusa kweli, sijawahi kumuuliza wangu anaogopa nini. Bibi yake anaingia na treni ya mwendokasi kutoka Dar kesho kutwa, tukimpokea stesheni napiga picha, huo ndo ukurasa wa kwanza. @Baba wa Ipagala karatasi za kawaida zilidumu kweli? Huyu wangu anakula karatasi.

Baba wa Ipagala
Hazikudumu, ukurasa wa mbuzi ulichanika wiki ileile. Waambie wakutolee kwenye karatasi ngumu zile za vyeti, ukiweza walaminishe kabisa. Stepla toa, ncha zinachoma, toboa tundu pembeni ufunge uzi.

Mama Kifungua, Kisasa
Sawa kaka. Bibi naye ameshasema atavaa kitenge kipya kwa ajili ya picha 😂