Mrejesho: maulizo 401 yamebaki 2, lakini update() imenipa kazi nyingine

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisaidia katika tatizo la Django (mfumo wa kuunda tovuti kwa Python), ambapo ukurasa wa oda 200 ulituma maulizo 401 kwenye hifadhidata, na hesabu ya bidhaa ghalani ilikosewa kila wauzaji wawili walipouza kwa wakati mmoja.

Nilifuata ushauri wa kutumia select_related (huleta kitu kinachohusiana ndani ya ulizo lilelile) kwa mteja, ambaye ni mmoja kwa kila oda, na prefetch_related (huleta vyote kwa ulizo moja la ziada) kwa bidhaa za oda, ambazo ni nyingi. Sasa maulizo ni 2 tu. Awali niliweka select_related kote, kosa ambalo mlikwisha kunionya.

Kuhusu ghala, update() (amri inayobadilisha data moja kwa moja kwenye hifadhidata) pamoja na F('idadi') - 1, yaani idadi iliyopo ipungue moja, ikitanguliwa na kichujio cha idadi__gte=1 (idadi iwe 1 au zaidi), imeondoa makosa, kwa kuwa hifadhidata yenyewe ndiyo inayopunguza. Hata hivyo, update() haipiti kwenye save(), njia ya kawaida ya kuhifadhi, kwa hiyo sehemu yenye auto_now (hujiwekea tarehe ya sasa kila save() inapoitwa) ilibaki na tarehe ya zamani hadi nilipoiandikia timezone.now() mwenyewe. Ishara ya post_save (Django huituma baada ya save()) iliyokuwa ikitoa tahadhari ya bidhaa kupungua nayo haitumwi tena. Kwa sasa naiita mwenyewe, ndani ya msimbo, kazi (function) ya kutoa tahadhari hiyo.