Mtoto wa miezi 14 haongezeki uzito, naombeni ushauri

Mpanda Parachichi: Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miezi 14, tuko Njombe vijijini. Haongezeki uzito, nywele zimekuwa nyepesi, usiku ni kulia tu. Naulizia dawa ya kuongeza hamu ya kula, au vitamini ya maji, ipi nzuri? Chakula si shida, ndani kuna mahindi, viazi na maharage. Nimechanganyikiwa.

Mama Pacha: Pole sana baba. Pacha wangu nao walinitesa hivyo hivyo, mmoja akikubali uji mwenzake anautema. Nikaanza kuwapikia mtori, ndizi na nyama nasaga pamoja. Sasa wako darasa la nne, sufuria haifiki jioni.

Kisiki: Vijana mnakimbilia vitamini. Sisi tumekulia ugali na mboga za majani, na tupo.

Muuguzi Mstaafu: Kisiki, wengi wetu tupo lakini tumedumaa. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, wa asilimia 30 kwa watoto chini ya miaka mitano. Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa hiyo hiyo inayolisha nchi! Mleta uzi, kadi ya kliniki inasemaje? Na mtoto ananyonya?

Mpanda Parachichi: Kadi ipo. Miezi 9, siku ya chanjo ya surua, alikuwa kilo 7.9. Miezi 11, kilo 7.6. Jana nimempima, 6.2.

Muuguzi Mstaafu: Umejibu nusu. Ananyonya?

Mpanda Parachichi: Hapana. Aliachishwa miezi 11. Mke wangu ni mjamzito, miezi mitano sasa. Siku ile ya 7.6 mhudumu alimuuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia, kama ameshabeba nyingine. Kina mama wakaanza kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa kuwa mama amebeba mimba akiwa bado ananyonyesha. Hajarudi kliniki, nami sikumlazimisha. Mama mkwe anasema maziwa ya mjamzito yanamdhuru mtoto, na kwao Ludewa yupo mzee anayetibu kubemenda. Tiketi ya Jumamosi nimeshakata. Siamini sana mambo hayo, ila akikaa kwa bibi miezi miwili mama yake atapumzika.

Kisiki: Kumbe! Mtoto hajatimiza mwaka mmeshaongeza mwingine. Uzazi wa mpango upo, bure kabisa. Mwanaume ujifunze subira.

Dereva wa Usiku: Wakuu, hii chai. Kilo 6.2 kwa miezi 14 ni mtoto wa kulazwa, huyu anaulizia vitamini. Na kama kliniki hawaendi, jana kampima wapi?

Mpanda Parachichi: Dukani, mizani ya viazi. Nilimweka kwenye beseni nikatoa uzito wa beseni. Sina sababu ya kumsingizia mwanangu ugonjwa.

Mama Pacha: Dereva, muache. Mimi nilificha kadi chini ya godoro miezi minne kwa aibu ya namna hiyo.

Muuguzi Mstaafu: Mizani ya viazi isikuogopeshe wala isikupe moyo. 7.9 kwenda 7.6 ni ya kliniki, na hiyo inatosha: mstari ulishashuka kabla hamjapotea. Kubemenda hakupo. Mtoto alinyang'anywa titi ghafla, akapewa nini badala yake? Bila shaka uji mweupe wa sembe. Kwa kawaida mjamzito anaweza kunyonyesha bila kumdhuru yeyote, mradi naye ale vizuri. Usiku huu mbonyeze mtoto upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, sekunde tatu. Kishimo kikibaki miguu yote, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, usingoje kuche. Kisipobaki, asubuhi zahanati. Waombe utepe wa mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali; 11.5 hadi 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Na waombe wampime urefu akiwa amelala kwenye ubao, kwa sababu kilo peke yake haionyeshi udumavu. Parachichi unalima, anakula?

Mpanda Parachichi: Yote tunamuuzia dalali. Kwa kweli sijawahi kumpa hata moja.

Mama Pacha: Mponde leo hii. Na yai, na dagaa wa kusaga kwenye uji, na maziwa. Mlishe kidogo kidogo, mara tano kwa siku.

Mpanda Parachichi: Mrejesho. Miguu haikubonyea. Leo nimeenda mwenyewe na mke wangu, nikakaa naye kwenye foleni. Mizani ya zahanati 7.1, utepe 12.1, njano. Ubao wa urefu wanao lakini umevunjika. Wamesema turudi baada ya wiki mbili, na mhudumu wa afya wa kijiji atapita nyumbani. Parachichi amekula nusu, akalala mpaka alfajiri. Tiketi nimeirudisha. Tatizo ni mama mkwe, ameshafungasha nguo za mtoto na hataki kunisikia. Nimpe simu nani aongee naye?