Mkuyu na kombe la baharini kuwa na jina moja la Kilatini

Mwalimu wa Bagamoyo:
Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha baiolojia hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu wanaandika vibandiko vya miti ya shuleni na vya makombe tuliyookota wakati wa bamvua. Mbele ya darasa pana mkuyu, tukauandika Ficus sycomorus. Jana binti wa kidato cha pili kaniletea kombe jepesi, limevimba juu na kuchongoka chini. Ukilipitisha ukucha unasikia michirizi midogo midogo. Kitabu cha makombe nacho kinaliita Ficus. Akaniuliza, "Mwalimu, konokono huyu ni ndugu yake mkuyu?" Sikumjibu. Mtoto aliyetazama kwa makini namna ile hajibiwi kwa kubahatisha. Je, kitabu kimekosea?

Mpenda Mikoko:
Hakijakosea, mwalimu. Ficus ni tini kwa Kilatini. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyevipa viumbe majina ya Kilatini, aliitumia kwa miti mwaka 1753. Mwaka 1798 Röding, mtaalamu wa makombe wa Ujerumani, akawapa jina hilo konokono hawa, na umbo lao ni la tini kabisa. Majina ya mimea yana kanuni zake na ya wanyama yana zake. Wanyama wa jenasi mbili (jenasi ni kundi la spishi za karibu, na ndiyo jina la kwanza la Kilatini) hawaruhusiwi kushiriki jina, mimea vilevile, lakini mti na mnyama hawazuiani. Udugu haupo.

Mvuvi wa Tanga:
Mwalimu, maji yakikupwa mtazameni yule ndege mdogo mwenye miguu ya rangi ya chungwa anayepindua mawe ufukweni. Ni Arenaria interpres, na kuna mimea midogo yenye maua meupe inayoitwa Arenaria pia. Mforosadi ni Morus, na Morus mwingine ni ndege wa baharini anayejitupa majini kutoka juu kufuata samaki.

Mpenda Mikoko:
Wakati mwingine hufanana jina zima. Ficus variegata ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, tena ni kombe. Ndiyo maana huongezwa jina la aliyelitoa: wa mti ni Blume, wa kombe ni Röding.

Mwalimu wa Bagamoyo:
Ahsanteni sana ndugu zangu. Leo asubuhi nimemwita mbele, akawaeleza wenzake mwenyewe. Kisha kaandika vibandiko upya kwa mkono wake. Cha mti: Ficus sycomorus, Linnaeus, 1753. Cha kombe: Ficus, Röding, 1798. Jina la pili la kombe tumeliachia nafasi, tunalitafuta.