Naomba ushauri: mgonjwa anaruka insulini ya usiku kwa makusudi

Habari zenu wauguzi wenzangu. Nina mgonjwa wa kisukari anayeishi peke yake. Sindano ya asubuhi hakosi, ila ya usiku anairuka makusudi, na akiamka sukari inasoma juu sana, 14 hadi 17 mmol/L. Si kwamba haelewi. Ukimwomba aeleze kwa maneno yake madhara ya sukari ya juu kwa figo, macho na miguu, anaeleza vizuri kabisa. Anachoogopa ni sukari kushuka akiwa usingizini na hakuna wa kumwamsha, kwa hiyo anaona heri hatari ya miaka ijayo kuliko ya usiku huu. Hoja yake ina uzito, ndiyo maana sioni faida ya kuzidi kumtisha.

Tumeshamfundisha kupima kabla ya kulala, na ikishuka chini ya 4 anywe gramu 15 za glukosi, apime tena baada ya dakika 15. Daktari ameshapunguza dozi. Bado anairuka.

Mnaanzaje mazungumzo ya kupima hatari hizi mbili pamoja na mgonjwa, asihisi anahojiwa? Na kwenye faili mnaandikaje uamuzi wake bila kumwita mkaidi, maana zamu inayofuata hulichukua neno hilo lilivyo?