Mafuta ya upako yameisha, nikashindwa kufungua duka. Hii si ibada ya sanamu?

MamaNeema_Mwanjelwa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naandika usiku watoto wamelala, maana jambo hili sijathubutu kumwambia mtu kanisani.

Nina fremu ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Nauza vifaa vya ushonaji: zipu, uzi, bitana, vifungo, lastiki. Mwaka wa tatu sasa, kila asubuhi napaka mafuta ya upako kwenye kufuli kabla ya kufungua, tone moja kwenye droo ya pesa, na maji ya upako nanyunyiza kizingitini. Mlangoni kuna stika ya upako, na simu yangu nayo ina yake. Nilianza kipindi ambacho biashara ilikuwa imekufa, na ikafufuka kweli, sikatai.

Jumatatu iliyopita nimefika saa moja asubuhi, nafungua mkoba, chupa tupu. Kifuniko kililegea, yote yamemwagikia kwenye kanga. Ndugu zangu, nilishindwa kufungua. Nilikaa kwenye kigoda nje ya duka langu mwenyewe hadi saa nne. Fundi mmoja, mteja wangu wa siku zote, akaja kutafuta uzi mweusi, nikamwambia nimesahau ufunguo nyumbani. Ufunguo nilikuwa nimeufumbata kiganjani.

Uongo ule unaniuma, lakini kuna kilichonitisha zaidi. Kwa muda wa saa tatu nzima pale kigodani sikuomba. Nilikuwa nawaza nani ana mafuta anigawie, nimtume nani, nauli kiasi gani. Yesu hakunijia kichwani hata mara moja.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Rungwe. Wamisionari Wamoraviani walifika kule 1891, na bibi alibatizwa kwao, tenzi aliziimba bila kushika kitabu. Ila juu ya mlango wake, kati ya boriti na nyasi, alichomeka kifurushi cha kitambaa chekundu, na mtoto wa kukigusa alikiona cha moto. Nilipookoka nilimsema sana. Nilimwambia, "Bibi, hiyo ni sanamu." Ameshalala, siwezi tena kumwomba radhi.

Hofu yangu nayo mwielewe. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, mama yangu alipoteza meza nzima ya vitenge kwa usiku mmoja. Nimekua nikijua kwamba mali ya jioni inaweza isifike asubuhi. Sasa niambieni, mafuta yangu na kifurushi cha bibi vina tofauti gani? Na kama ni sanamu, naiachaje?

Mwinjilisti_Mstaafu

Mwanangu, pole. Soma Hesabu 21, kisha uende 2 Wafalme 18:4. Nyoka ya shaba Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu, na walioumwa na nyoka waliitazama wakapona. Haikuwa uganga. Vizazi vingi baadaye mfalme Hezekia akaikuta watu wanaifukizia uvumba, akaivunja vipande vipande. Ikaitwa Nehushtani, kwamba ni kipande cha shaba tu. Kitu kilikuwa kilekile, ila macho ya watu yalikuwa yameishia kwenye shaba.

Kwa hiyo usihangaike kujiuliza kama mafuta ni mabaya. Yakobo 5:14 inaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Angalia waliopo pale: mgonjwa, wazee, na jina la Bwana. Kufuli na droo hazimo. Swali lako umeshalijibu mwenyewe uliposema hukuomba.

KijanaWaUpako

Shikamoo mzee, ila hapa sikubaliani. Marko 6:13 wanafunzi walipaka wagonjwa mafuta. Matendo 19:12 leso za Paulo ziliponya. Mama, biashara yako imefufuka kwa imani, leo unataka kuvunja ulinzi? Ukiacha mlango wazi adui ataingia.

MamaNeema_Mwanjelwa

Mdogo wangu, nakushukuru, najua unanitakia mema. Lakini hayo maneno, "ukiacha mlango wazi ataingia," bibi alituambia vilevile tulipotaka kukitoa kifurushi. Nimeyasoma nikasisimka mwili.

Mama_wa_Moshi

Dada, mimi ni mtu wa Moshi. Februari 1, 2020, hapa kwetu uwanja wa Majengo watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Siwezi kuvumilia mtu awacheke. Walikwenda na shida zao, kama mimi na wewe. Jioni ile nilitoa chupa zote ndani nikazitupa, nikajiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Haukupita mwaka, nikawa naamka saa nane usiku kuangalia salio kwenye simu. Nikikuta limepungua, usingizi umekwisha na mume wangu siku hiyo hana amani. Chupa nilitupa, hofu nikabaki nayo, ikatafuta pengine pa kukaa. Ezekieli 14 inataja watu waliotwaa vinyago vyao wakavitia mioyoni, na humo hakuna wa kukukagua. Kilichonisaidia ni kuitaja ile hofu kwa jina mbele za Mungu, kwa sauti: ada ya watoto, deni la kikoba, kufiwa na mume. Nilikuwa nazoea kuomba "Bwana nilinde" tu, sisemi na nini. Na nilimwambia mume wangu. Usiibebe peke yako, dada.

Kesho nenda kafungue. Kabla hujafungua, taja moto.

MamaNeema_Mwanjelwa

Narudi na majibu. Jana jioni nilimweleza baba Neema yote, hadi ule uongo. Akanyamaza, kisha akaniambia yeye stika haipendi tangu siku ya kwanza ila aliogopa kuniudhi. Tumeibandua pamoja kwa maji ya moto. Chupa mpya niliyokuwa nimeshaagizia, mafuta ya zeituni, nimekaangia mayai ya watoto. Mwinjilisti, nimefanya kama Hezekia, nimeyaita mafuta.

Leo nimesimama mlangoni nikasema, "Bwana, naogopa moto." Machozi yalinitoka, majirani wakanitazama. Mkono ulitetemeka hadi ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Nikafungua. Hadi mchana nimeuza zipu mbili na mita moja ya bitana. Fundi wangu wa uzi mweusi bado hajapita, nimemwekea roli yake pembeni na nina neno la kumwambia.