Tupeane uzoefu: maisha ya vijiji vya milimani Makete

Mwanzisha mada (mkulima, upande wa Matamba)

Ndugu zangu, naomba tuandike hapa yale tuliyoyaishi wenyewe katika vijiji vya milimani wilayani Makete, kwa sababu sifa za kwetu mara nyingi huishia kwenye maua ya Kitulo. Uwanda ule, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, unastahili kabisa kuitwa Bustani ya Mungu. Hata hivyo, watu wanaoishi kando yake wana mengi ya kusimulia, nami naanza na lile ambalo kwa maoni yangu ndilo mzizi wa mengine yote, yaani barabara.

Kutoka Chimala gari hupanda ukuta wa mlima kwa kona zinazojulikana kwa idadi yake, hamsini na saba, na ukifika juu bado zinakungoja njia za udongo za kuingia vijijini. Kiangazi njia hizo hupitika. Mvua zikishakolea, udongo huteleza kiasi kwamba Fuso lenye shehena hukwama, na tangu hapo bei ya viazi mviringo haipangwi tena na soko la Dar es Salaam bali na yule anayekubali kupandisha gari.

Kiazi kilichokwisha kuchimbwa hakisubiri. Kikipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa kichungu, kikikaa penye unyevu huoza, na mnunuzi anayajua hayo yote. Ndipo anapodai lumbesa, gunia lililojazwa hadi kushonewa kilemba juu yake, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mkulima anajua kwamba anapunjwa, lakini anakubali, kwa sababu Fuso likishuka tupu hana hakika jingine litapanda lini. Baadhi yetu tumejifunza kuviacha viazi ardhini kwa majuma kadhaa baada ya majani kukauka, tukachimba pale tu gari linapokuwa limethibitishwa; ila katika shamba lenye mnyauko au fuko, mbinu hiyo hukupotezea sehemu ya mavuno.

Karibuni nanyi mwandike.

Muuguzi mstaafu

Nashukuru kwa mada hii. Mimi ni mzaliwa wa Pwani, nikapangiwa kazi katika zahanati ya kijiji kimoja cha huko, na kitu cha kwanza kilichonifundisha kazi upya ni baridi. Mwezi Juni na Julai sakitu hutanda juu ya nyasi alfajiri, na maji yaliyolala nje kwenye ndoo hushika ganda la barafu. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, baridi ile ni ugonjwa tosha. Tuliwafundisha akina mama kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya mablanketi, na bibi wa mtoto alipokuwa tayari kupokezana na mama, matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwashawishi watu wasifunge madirisha yote na kulala na jiko la mkaa ndani, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila kutoa harufu, na moshi wa kuni nao ulikuwa ukituletea watoto wenye nimonia mfululizo.

Aliyoyasema kaka kuhusu barabara nayaunga mkono kwa moyo wote. Mjamzito mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama asiweze kutoka, alibebwa kwa machela iliyofungwa kwa mianzi, wanaume wakipokezana, hadi mahali ambapo gari lingeweza kufika, kisha ndipo safari ya kwenda hospitali ya Ikonda ilipoanza. Kwa sababu hiyo nilikuwa nawasihi wajawazito wenye dalili za hatari waende mapema kukaa kwa ndugu walio karibu na hospitali. Wengi walikataa, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaachia watoto wengine, na jibu hilo sikuwahi kuwa na namna ya kulipinga.

Mchangiaji aliyelelewa na bibi

Shikamoo mama muuguzi. Wazazi wangu walifariki kwa UKIMWI mwishoni mwa miaka ya 1990, miaka kadhaa kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Nyumba nyingi za kijiji chetu zilibaki na wazee na watoto, na bibi yangu alilea wajukuu waliozaliwa na watoto wake watatu katika nyumba moja.

Watu wakiuliza tuliishije, jibu langu ni majirani na mlima. Majirani walikuja kutulimia kwa ujima, wakamaliza shamba la bibi kwanza kabla ya kugusa ya kwao. Mlimani tulichimba mizizi ya okidi, maua ya mwituni, ambayo wachuuzi waliipeleka Zambia inakotengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Fedha hiyo ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari. Leo uchimbaji umekatazwa ndani ya hifadhi, na naafiki, maana hata sisi watoto tuliona okidi zikipungua na safari za kuzitafuta zikirefuka. Lakini naomba anayeandika juu ya uharibifu ule aandike pia kwamba ulisomesha yatima.

Mfanyabiashara, Mbeya

Sisi Wakinga, wenyeji wa Makete, tunajulikana kwa maduka, kuanzia Mbeya hadi Kariakoo, na wengi wetu tuliondoka nyumbani tukiwa vijana wadogo. Tunajenga nyumba nzuri vijijini ambazo hufunguliwa wakati wa Krismasi na misiba, jambo linalonihuzunisha. Tangu lami ya kutoka Njombe ifike Makete, kwenda nyumbani kumekuwa kwepesi, na sasa naona wenzangu wachache wakirudi kupanda matufaha na viazi. Wanaorudi ni wale ambao mashamba yao yako karibu na lami.

Mwanakikundi, kijiji cha jirani na Kitulo

Kwetu tulinunua mizani ya pamoja tukakubaliana kwamba hakuna atakayeuza kwa lumbesa. Kiangazi makubaliano yalishika, kwa kuwa magari yalikuwa mengi na mnunuzi aliyekataa kupima alipitwa na mwenzake. Mvua zilipokolea, kaya mbili ziliuza usiku kwa lumbesa. Kikao kilitaka kuwafukuza, hadi ilipojulikana kwamba mmoja alikuwa na mgonjwa wa kupeleka Ikonda na Fuso lile ndilo pekee lililokuwa likishuka. Tuliwaacha wote wawili, tukaanzisha mfuko wa dharura unaochangiwa kwa kila gunia, ili mwenye mgonjwa akope huko badala ya kuuza kwa hasara. Mfuko bado ni mdogo. Kaka wa Matamba, huko kwenu wanunuzi wanakubali kupima kwa kilo wakati wa mvua, au nanyi mnapima kiangazi tu?

Mwanzisha mada

Kiangazi tu. Hilo la mfuko nitalipeleka kwenye kikao chetu. Tafadhali nieleze mnachanga kiasi gani kwa gunia, na nani anazitunza fedha.